Chupa ya Losheni

Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, mchana, Tom Mboya aliingia duka la dawa la Chhani, Government Road, Nairobi, kununua losheni. Alipotoka alipigwa risasi, akafa. Alikuwa na miaka 38, Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo wa Kenya, mume wa Pamela tangu 1962.

Losheni! Inanikaa moyoni kuliko siasa zake zote. Nani humuaga kwa machozi mtu anayekwenda kununua mafuta ya kujipaka? Namfikiria Pamela na Jumamosi yake: watoto, chakula cha mchana, pengine wageni. Siku kama nyingine.

Huku kwetu Wampembe, mkoani Rukwa, wavuvi huingia Ziwa Tanganyika jioni na taa zao kutafuta dagaa. Mwezi ukiwa mpevu hubaki nyumbani. Mvuvi asiporudi, matanga hayajaisha watu wameshaanza kuichambua jioni yake. Aligeuka mara mbili mlangoni. Aliacha ugali. Alimbeba mtoto, na si kawaida yake. "Alikuwa anaaga." Kisha mjane anaulizwa: wewe hukuona? Kana kwamba kumpikia mume na kumwambia "haya, mwende salama" kulikuwa uzembe.

Na kwetu Rukwa mchezo huu una meno. Ukishakubali kwamba jioni ilikuwa na dalili, utamtaka aliyezipanga, na kidole kitamwendea bibi mwenye macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni tangu ujana. Vikongwe wameuawa humu Tanzania kwa hesabu za namna hiyo.

Sisemi tusiulize. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kunyongwa mwaka uleule kwa kumuua Mboya, na Wakenya hawajaacha kuuliza nani alimtuma. Rais Kenyatta alipofika kwenye misa ya marehemu katika Kanisa Kuu la Familia Takatifu, gari lake lilirushiwa mawe. Hasira ile ilikuwa na anwani, iwe sahihi au la. Lakini swali la bastola ni la mwenye bastola na waliokuwa nyuma yake. Pamela, aliyeishi karibu miaka 40 baada ya siku ile, hakuwa na deni la kuona kisichoonekana.

Siku hizi msibani mtu akianza na "alikuwa anaaga," namkatiza: upepo ulikuwaje usiku ule? Mtumbwi ulikuwa na maboya ya kujiokolea? Wazee hawapendi. Mmoja aliniambia shule imeniharibu. Nikamuuliza tena kuhusu maboya.