Kuhusu 47,564,296

Mwezi Agosti mwaka 2019 niliajiriwa kwa siku chache kuwa karani wa sensa katika wadi ya Kiuu, Ruiru, upande wa Githurai, ambako nyumba za ghorofa zimebanana hata jirani humpa jirani chumvi dirishani. Tulizunguka na vishikwambi, maana ilikuwa sensa ya kwanza nchini Kenya isiyotumia karatasi. Katika ghorofa ya nne nilimkuta mama wa makamo aliyeishi peke yake. Jina lake silitaji. Kiapo cha karani kingali kinanifunga.

“Mama, umejaaliwa kuzaa watoto wangapi?”

Hakuinua macho kutoka kwenye maharagwe aliyokuwa akichambua. “Andika sufuri, mwanangu. Mimi ndiye wanayemwita tasa.”

Niliandika sufuri, nikashukuru, nikashuka ngazi.

Novemba idadi ilitangazwa: watu 47,564,296. Wanaume walikuwa 24,014,716, wanawake 23,548,056, na watu 1,524 wenye maumbile ya jinsia mbili, waliohesabiwa kando kwa mara ya kwanza. Sisi wa fasihi huiogopa hesabu, lakini jioni moja nilichukua kalamu. Namba hiyo ni shufwa. Inagawika kwa 8, kwa 13 na kwa 19. Kisha inabaki 24,071, na hapo nilikwama. Nilijaribu 7, 11, 17, 23, nikaendelea hivyo hadi 151, na sikuhitaji kuvuka hapo kwa kuwa 157 ikizidishwa kwa yenyewe inaipita. Haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Wataalamu wetu wa istilahi huiita namba ya namna hiyo namba tasa.

Nawaomba radhi walionitangulia, lakini istilahi hii hainiridhishi. Vigawo vya namba si watoto wake bali ni wazazi wake: 13 na 19 huzidishwa, ndipo 247 ikapatikana. Kwa hiyo namba tasa ni ile isiyo na wazazi, wala si ile isiyozaa. Tena kila namba nzima inayozidi 1, ikiwa si mojawapo ya hizo, basi imetokana nazo. Afadhali tungeiita namba yatima (ingawa jina hilo nalo lina machozi yake). Hata jumla ya watu wa Kenya yote, ukiifuata hadi mwisho wake, imezaliwa na 24,071 pamoja na wenzake wadogo, 2, 13 na 19.

Kisha nikajaribu kumwondoa mama yule katika hesabu. Ilibaki 47,564,295, namba witiri. Inagawika kwa 3 na kwa 5, lakini haigawiki kwa 8, wala kwa 13, wala kwa 19, wala kwa 24,071. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1. Alitoka mtu mmoja tu wa ghorofa ya nne, na katika vigawo vyote vya awali hakikusalia hata kimoja, ila hicho 1.