Marubani wa Akiba wa Kew Gardens

Katika mtaa wa Kew Gardens, sehemu ya Queens jijini New York, zimo nyumba ambazo wapangaji wake hawajuani hata kwa sura. Chumba kimoja huwekwa vitanda vinne au sita, vya juu na chini. Aondokaye alfajiri humwachia mahali pake aingiaye usiku, kila mmoja na shuka zake. Hao ni marubani na wahudumu wa ndege. Kwa mzaha mtaa huo huitwa Crew Gardens, kana kwamba uliumbwa kwa ajili yao.

Uwanja wa LaGuardia uko kaskazini, wa John F. Kennedy kusini. Lakini makwao ni mbali: Florida, Ohio, hata Seattle. Rubani halazimiki kuhamia kituo chake cha kazi, naye huja kwa ndege akiomba nafasi iliyobaki, au kiti cha ziada kilichomo chumbani mwa marubani. Ndege ikijaa, hubaki chini akiitazama ikiruka.

Mashirika ya Marekani hugawa safari kwa kufuata tarehe ya kuajiriwa, hivyo walio mwisho wa orodha huwekwa akiba. Askari ataielewa hali hiyo upesi: sare imenyooshwa, sanduku limefungwa, simu haiachwi mbali. Akiitwa, mara nyingi rubani hupewa saa mbili tu kufika uwanjani. Basi hawezi kungojea Ohio. Hukaa Kew Gardens siku nne, pengine asiitwe hata mara moja, na huku nyumbani mkewe anahangaika peke yake na bomba lililopasuka na mtoto mwenye homa. Mshahara wa kima cha chini hulipwa hata asiporuka; siku ndizo hazirudishwi.

Tarehe 12 Februari 2009 haisahauliki. Ndiyo siku ndege iliyotoka Newark ilipoanguka karibu na Buffalo na kuua watu 50. Marubani wote wawili walikuwa wakiishi mbali na kituo chao; msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle. Wachunguzi waliona kosa katika jinsi rubani mkuu alivyoitikia onyo la ndege kupoteza mwendo, wakaongeza kwamba yaelekea uchovu uliwapunguzia uwezo wote wawili.

Tangu Januari 2014, rubani wa ndege za abiria hupewa mapumziko ya saa 10 kabla ya zamu, na muda wa kungoja wito wa haraka hauzidi saa 14. Safari ya kutoka nyumbani haikuwekewa mpaka. Imeachiwa dhamiri yake.

Wengine huchoka, wakahamisha familia. Wengi hungoja wakubwa wafikishe miaka 65, umri wa kustaafu kwa lazima, ili majina yao yapande orodhani.