Bata Wetu na Majira ya Baridi



Kila mwaka, miti inapoanza kuchipua, baadhi ya jamaa zetu hapa Brussels huwanunulia watoto vifaranga vya bata. Ifikapo Desemba, bustani ikishageuka tope, husikika maneno mengine: bata wananuka, jirani ananung'unika, heri tukawaachie bwawani. Nami ninafuga bata wanne nyuma ya nyumba yangu, Anderlecht, na wajukuu wangu ndio wachungaji wao. Kwa hiyo naomba nitoe nasaha.

Bata haiogopi baridi kama tunavyoiogopa sisi tuliozaliwa pwani. Manyoya yake ya nje yana mafuta yanayozuia maji, na ya ndani, yaliyo laini, huhifadhi joto. Kinachomdhuru ni unyevu na hewa nzito. Kinyesi chake ni majimaji, na banda likizibwa kila upande, amonia hujikusanya ikamchoma macho na mapafu. Basi matundu ya hewa yawe juu, karibu na paa, upepo usimpige alalapo.

Kwetu mabua yaliyolowa huondolewa kila asubuhi, kabla watoto hawajaenda shule, na makavu hutandazwa. Jumamosi tunalikomba banda lote, tunalisugua, na likishakauka tunatandika upya. Mabua yenye ukungu hatuyakubali, kwani vumbi lake huleta maradhi ya mapafu. Maji huwekwa nje ya banda, chini ya wavu, katika ndoo yenye kina cha kumwezesha bata kuzamisha kichwa akasafisha macho na pua. Yakiganda tunamimina ya uvuguvugu. Chumvi hatutii kamwe. Jua la Desemba huzama kiasi cha saa kumi na nusu jioni, na bata huwa wamekwisha kufungiwa, maana mbweha wa mji huu hawangoji usiku wa manane.

Kwa sisi wafuasi wa Imam Shafi, kinyesi hicho ni najisi. Watoto wana mabuti na makoti ya bandani, yasiyoingia nyumbani tunamoswali, na mikono huoshwa kwa sabuni.

Novemba 2022, kwa sababu ya mafua ya ndege, serikali iliamuru hata wafugaji wadogo wawafungie ndege wao au wawafunike kwa wavu. Amri kama hizo huja na kuondoka, basi tufuate matangazo ya AFSCA. Siku hizo mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, wamekosa nini hata wafungwe?" Nikamjibu kwamba hawana kosa, na kwamba aliyefungiwa ana haki kubwa zaidi juu ya aliyemfungia. Tangu hapo hakuhitaji kukumbushwa zamu yake.

Ama kuwaachia bwawani, huko si kuwapa uhuru. Bata wa kufugwa wengi hawawezi kuruka wala kujihami. Tazameni mabata ya Misri katika mabwawa ya mji huu: asili yao ni Afrika, waliletwa na watu, na tangu 2017 Umoja wa Ulaya umewaandika miongoni mwa viumbe wageni waharibifu. Ndege hana lawama. Wa kuulizwa ni aliyemleta kisha akamwacha. Asiyeweza tena kuwatunza bata wake na awatafutie mfugaji mwenye nafasi, kabla barafu haijashika.

Wabillahi tawfiq.