Klachi ya Lori la Baba

Kumlaumu mtu ni kazi nyepesi. Haihitaji jeki wala spana. Kuifungua mashine na kuitazama ndani ndiyo kazi nzito. Kwa miaka zaidi ya kumi nimewafundisha vijana kwamba hukumu isitangulie ushahidi, lakini maana ya maneno hayo niliifahamu siku nilipolala chali chini ya lori, juu ya gunia, mafuta machafu yakinidondokea kifuani.

Lori lenyewe ni Bedford, lililoundwa Uingereza mwaka 1964. Baba alilinunua likiwa kuukuu, kabla mimi sijazaliwa. Kwa lori hilo kabichi na nyanya za wakulima wa Wundanyi zimeshuka milima ya Taita mpaka Mwatate na Voi, na kwa nauli ya mizigo hiyo mimi nilisomeshwa hata nikahitimu chuo cha ualimu. Macho ya baba yalipofifia, usukani ulishikwa na mdogo wangu, ambaye aliacha masomo katika kidato cha pili ili karo itoshe kwangu. Neno hili nalitaja mapema, kwa kuwa ndilo lililoniuma baadaye.

Nilipofika nyumbani likizo ya Agosti, nililikuta lori limeegeshwa chini ya mparachichi. Nikaambiwa kuwa likipanda mlima, injini hunguruma kwa nguvu nalo hujikokota kama kobe, na harufu ya kitu kinachoungua hujaa ndani. Nikajua mara moja kuwa klachi imekwisha. Nikamgeukia mdogo wangu, nikamwambia mbele ya baba na mama, "Umeiunguza wewe. Huendesha huku mguu umeuegemeza juu ya pedali." Akainama, akajibu, "Huenda ni hivyo, kaka." Nami nikauchukua upole wake kuwa ni ungamo.

Msomaji, huenda hujapata kuiona klachi. Nyuma ya injini pana gurudumu zito la chuma linalozunguka nayo daima. Mbele ya giaboksi pana sahani nyembamba iliyovikwa pande zote mbili kwa tabaka gumu la kusugulia. Springi zenye nguvu huibana sahani hiyo juu ya gurudumu, vikazunguka pamoja, na nguvu za injini zikafika magurudumuni. Dereva akikanyaga pedali, beringi husukuma vidole vya chuma, springi zikalegea, sahani ikaachwa huru. Basi beringi ile yapasa kukaa mbali kidogo na vidole wakati mguu haupo juu ya pedali. Ikivigusa daima, sahani haibanwi sawasawa. Huteleza, hupata moto, na mwisho huungua.

Fundi wa mjini alitaka fedha ambazo hatukuwa nazo baada ya kununua sahani mpya. Tukaazimia kuifanya kazi wenyewe uani. Tuliyazuia magurudumu kwa mawe, tukalitegemeza lori juu ya magogo mazito, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu anayeingia chini. Tukafungua waya za betri, tukatoa mhimili mrefu wa nyuma, tukaachanisha fimbo inayosukuma wenzo wa klachi. Kisha tukaishikilia giaboksi kwa jeki na mnyororo, tukaivuta nyuma polepole, bila kuuacha uzito wake uning'inie.

Sahani ilipotoka ilikuwa nyeusi, imelika hata vichwa vya ribiti vikaonekana, na beringi ilikuwa imebadilika rangi kwa moto. Niliinua sahani juu kama wakili mahakamani. "Baba," nikasema, "ushahidi ni huu hapa."

Baba alikuwa ameketi juu ya kigoda. Hakuitazama sahani, maana asingaliiona vema. Akaomba apewe fimbo ya klachi. Akaipapasa kwa vidole vyake, akaigusa nati ya kurekebishia, akahesabu nyuzi zake kwa ukucha. Akauliza kwa sauti ya chini, "Nani aliyeizungusha nati hii mpaka mwisho?"

Nikanyamaza. Nilikumbuka likizo ya Aprili, nilipoliendesha lori mara moja tu, nikaona pedali ina ulegevu mwanzoni kabla ya kushika. Nikaudhani ulegevu ule ni ubovu. Nikaingia chini na spana, nikauondoa wote, nikajisifu. Kumbe ile ndiyo nafasi iliyoitenga beringi na vidole! Kila safari ya miezi minne, sahani ilikuwa ikiungua kwa mkono wangu, nao mguu wa ndugu yangu hauna hatia.

Nikamwuliza, "Hukuona kuwa pedali imebadilika?"

"Niliona, kaka," akajibu. "Lakini wewe ndiwe uliyesoma. Nilidhani wajua."

Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Nilikuwa nimempokonya ndugu yangu masomo bila ya kukusudia, kisha nikayatumia masomo yale yale kumnyamazisha. Nilimwomba radhi pale pale, mbele ya baba na mama, kwa kuwa mbele yao ndiko nilikomshutumu.

Kazi iliyosalia aliiongoza yeye, nami nikawa mtumishi. Nilipotaka kupuliza vumbi lililojaa mle ndani alinizuia, nasi tukalifuta kwa kitambaa kilicholowa, maana klachi za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, na vumbi lake huharibu mapafu. Alichonga kijiti cha mti, akaiweka sahani katikati barabara kabla ya kukaza boliti, moja huku na ya pili upande wa pili, kidogo kidogo. Giaboksi ilipokataa kuingia, nilitaka kuivuta kwa nguvu ya boliti. Akasema, "Hapana, kaka. Ikikataa, ina sababu." Akauzungusha mhimili taratibu kwa mkono, meno yakapata nafasi yake, giaboksi ikaingia bila kelele. Mwisho akairudisha ile nafasi ya pedali, akaniita niijaribu kwa mkono wangu, nipate kuijua.

Siku ya tatu tulipakia kabichi, tukateremka Mwatate. Wakati wa kurudi tulibeba magunia ya mbolea, nami nikakaa upande wa abiria. Kwenye kona kali za mlima injini iliimba kwa sauti moja, na lori likapanda nayo. Ndugu yangu alikanyaga pedali, akabadili gia, kisha akauondoa mguu kabisa, akauweka sakafuni. Nilimtazama akifanya hivyo kila mara mpaka tulipofika, wala hakukosa hata mara moja.

Tangu siku ile, mwanafunzi akiletwa kwangu kwa kosa, kwanza humwuliza aniambie alichoona. Kisha hungoja, hata kimya chake kikiwa kirefu. Maana nimejifunza kuwa kimya cha mdogo mbele ya mkubwa si ungamo.