Dakika nne za Kalemie, ukutani Ujiji

Sisi tumerudi salama, vumbi la njiani tumeshalipangusa, sasa kaeni tuongee.

Tulikuwa watatu: Papa, ambaye wengi wenu mnamwona asubuhi akiota jua na fimbo yake, na sisi wanawe wawili. Tulipata ruhusa ya siku nne kumpeleka hospitali Kigoma kwa ajili ya macho. Tulitoka Nyarugusu alfajiri, tukapita Makere, Kasulu tukanywa chai, kisha gari likapanda na kushuka vilima mpaka michikichi ikaanza kuonekana. Njia nzima Papa hakusema kitu. Alipoonyeshwa ziwa ndipo akasema, "Maji ni yaleyale." Habari ya hospitali ni fupi: macho yana mtoto, atafanyiwa operesheni, arudi tena. Hiyo tuiache.

Tunayotaka kuwasimulia yalitokea Ujiji. Wengi huenda kule kuona mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, na ile miembe. Sisi tulikwenda kwa sababu mwenyeji wetu ana jirani fundi redio, na fundi huyo aliposikia kwamba Papa ni mtu wa Kalemie, alikuja mwenyewe mlangoni. "Shikamoo mzee. Nina sinema ya kwenu."

Tulidhani ni kaseti. Kumbe ni mashine ya zamani kabisa, projekta ya chuma, nzito kama cherehani, aliyoinunua pamoja na vyuma chakavu. Mkanda wake wa mpira ulikuwa umekatika, akaweka mwingine aliokata kwenye tyubu ya baiskeli. Ndani ya sanduku kulikuwa na kopo dogo la bati limeandikwa kwa kalamu: Albertville, Noël 1957. Vijana, msiojua mjue: Albertville ndiyo Kalemie ya enzi za Wabelgiji.

Tuwaeleze kidogo hizi mashine, maana zinapendeza. Zamani sinema ilikuwa kazi ya makampuni. Mwaka 1922 Pathé wa Ufaransa wakaleta mashine ya nyumbani yenye filamu ya milimita 9.5, mwaka uliofuata Kodak wa Marekani wakaleta ya milimita 16, na mwaka 1932 ile nyembamba ya milimita 8, nafuu zaidi. Hapo baba mwenye pesa aliweza kupiga sinema ya watoto wake. Filamu ni picha ndogondogo zimepangwa kama punje za mahindi, na pembeni kuna matundu. Kidole cha chuma kinaingia kwenye tundu, kinavuta picha moja mbele ya taa, kinaiachia, kinavuta nyingine. Kwenye hiyo ya milimita 8 ni picha 16 kwa sekunde. Jicho linadanganyika, linaona mtu anatembea. Rili moja ndogo ni kama mita 15, dakika nne tu, na sauti hamna. Unasikia mashine peke yake, tra-tra-tra-tra, kama mvua ya mawe kwenye bati la mbali.

Usiku fundi alitundika shuka ukutani, watoto wa mtaa wakajaa. Alipofungua kopo, harufu ya siki ikatoka. Akatuambia hiyo ndiyo kansa ya filamu hizi: plastiki yake inaoza kwa joto na unyevu, inatoa siki, halafu inajikunja na kukauka. Hakujua itapita mara ngapi tena kwenye mashine.

Tukamkalisha Papa hatua mbili kutoka kwenye shuka. Taa ikawaka. Kwanza akatokea mtoto wa Kizungu na kofia nyeupe, kisha mama yake akicheka, kisha meza ya sikukuu. Rangi bado zilikuwa nzuri, hasa nyekundu. Papa alitikisa kichwa. "Naona mwanga tu. Niambieni."

Basi tukawa macho yake. Jambo la ajabu ni kwamba sisi tulitoka kwetu wadogo, tulikuwa tunaona bila kujua. Yeye alikuwa anajua bila kuona.

"Kuna behewa, Papa, na watu wanashusha magunia."

"Hapo ni stesheni. Reli inatoka Kabalo. Muangalie nyuma, hamuone moshi?"

"Tunauona."

"Ni Filtisaf, kule walikuwa wanatengeneza nguo."

Mpiga picha alikuwa anamfuata mtoto wake, wala hakuwa na haja na watu wetu. Walipita tu nyuma ya mtoto: mtu wa baiskeli, wanawake wenye beseni za ndagala (hapa Kigoma wanasema dagaa), mvulana anayesukuma gurudumu la chuma kwa fimbo. Hakuna aliyeandikwa jina kwenye kopo.

"Kuna mama mmoja, kitambaa chekundu, anachechemea mguu wa kushoto."

Papa akasimama. "Simamisha! Huyo mama namujua!"

Fundi akasema pole mzee, haiwezekani. Filamu ikisimama mbele ya taa ile inaungua, picha inavimba na kutoboka katikati. Ikabidi mama yule apite. Papa alinyoosha mkono mpaka kivuli cha vidole vyake kikaingia kwenye shuka.

Fundi alirudisha rili polepole kwa mkono, akaipitisha mara ya pili. Safari hii tulikuwa tayari, mmoja anaeleza, mwingine anaandika kwenye daftari. Papa alitaja watu watano kwa jinsi walivyotembea na kazi walizobeba. Jina la yule mama tunaliacha hapa, maana wajukuu zake wako zoni ya jirani na tumeshawapelekea habari. Mmoja wao alituuliza swali moja tu: alikuwa anacheka? Tulimjibu ukweli, hatukuwahi kuona uso, alikuwa ametupa mgongo.

Ilipofika kwenye gurudumu la mvulana, filamu ilikatika kwenye matundu. Fundi akazima taa. Hakutaka kuijaribu tena mpaka apate mtu wa kuinakili, naye hajui atampata wapi. Majina matano aliyabandika ndani ya kifuniko cha kopo.

Papa anasema mvulana yule si yeye, yeye hakuwahi kuwa na gurudumu, alikuwa analitamani. Lakini anamjua wa nani, jina ndilo limempotea. Kama kuna mzee kwenu aliyekaa Kalemie miaka ile, tafadhali mlete. Papa yuko nje kila asubuhi.