Kuchagua Mji wa Ulaya Ukiwa Likoni

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, na wengine wenu mmeniandikia barua pepe kuuliza sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata iko wapi. Inakuja, inshallah. Leo naandika jambo jingine, ingawa ukivumilia utaikuta hifadhidata humu humu, tena moja kubwa inayokujua kwa vidole.

Mimi na mke wangu tulikuwa na fedha kidogo za kibarua cha programu nilichokifanya usiku kwa miezi saba. Tuliamua kabla hazijageuka saruji na mabati tutumie sehemu yake kutembea mji mmoja wa Ulaya, wawili tu, kwa siku 7 kutoka mlangoni hadi mlangoni. Siku zilibanwa na kazi yangu. Mke wangu ni mwalimu wa historia katika shule ya upili huko Changamwe, na likizo ya Aprili anayo. Fedha zilikuwa na kikomo: shilingi 350,000 na si senti zaidi. Mamangu aliposikia alisema, "Mwanangu, siku saba Ulaya? Hata mtu akienda Lamu hukaa zaidi." Nikamwambia Lamu ipo kwenye orodha pia, na ilikuwepo kweli, nitafika huko.

Kila mmoja wetu aliingia na mji wake. Mimi nilitaka Hamburg. Wanaofuata mambo ya kompyuta wanajua kwamba kila mwisho wa Desemba hukutana huko watu wa Chaos Computer Club, na mimi nimetazama video za mikutano yao tangu nikiwa chuo. Pia ni mji wa bandari kama wetu, na una feri namba 62 inayopita mto Elbe ambayo unaipanda kwa tikiti ile ile ya basi. Halafu yupo Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said wa Zanzibar, aliyeondoka Unguja 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, akajulikana kama Emily Ruete na kuandika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886. Amezikwa Hamburg, makaburi ya Ohlsdorf. Nilidhani kwa mwalimu wa historia hoja hiyo ingetosha.

"Desemba?" aliniuliza. "Salme mwenyewe alilalamikia baridi."

Yeye alitaka Istanbul. Nikamwuliza kama Istanbul ni Ulaya. Akajibu kwamba nusu yake ni Ulaya na nusu yake Asia, na sisi tunaokaa ng'ambo huku tukisema tunaishi Mombasa hatuna haki ya kumsumbua mtu kwa mambo ya mipaka. Hapo sikuwa na la kusema. Lisbon iliingia kama mji wa tatu kwa sababu Aprili kuna joto la kadiri, na kwa sababu ambayo nitaieleza.

Basi nikafanya kile ambacho mtu wa kazi yangu hufanya. Nilifungua lahajedwali, nikaandika vigezo upande mmoja na miji upande wa pili, nikapa kila kigezo uzito kuanzia 1 hadi 5, nikazidisha na kujumlisha. Ukiwahi kufanya hivi utajua kinachotokea: ukibadilisha uzito mmoja kutoka 3 kwenda 4, mshindi anabadilika. Niliandika skripti ndogo ya Python ijaribu michanganyiko yote ya uzito, na kila mji ulishinda katika sehemu kubwa tu ya michanganyiko hiyo. Jumla ya namna hii haisemi mji upi ni bora. Inasema tu kwamba miji yote mitatu inafaa na wewe hujaamua unataka nini, jambo ambalo si dogo kulijua.

Nikaachana na uzito nikapima vitu vinavyopimika. Umbali kwanza, kwa kanuni ya duara kubwa juu ya tufe la dunia. Mombasa hadi Istanbul ni kama kilomita 5,100. Hadi Hamburg karibu 7,000. Hadi Lisbon karibu 6,900. Nilishangaa kidogo, maana kwenye ramani Lisbon inaonekana mwisho wa dunia na Hamburg inaonekana karibu. Saa za ukutani nazo: Istanbul hakuna tofauti kabisa na sisi, mwaka mzima, tangu Uturuki ilipoacha kurudisha saa nyuma 2016. Lisbon mwezi wa Aprili iko nyuma yetu kwa saa 2.

Kisha nikatafuta kipimo ambacho naona kila mtu anayesafiri kwa siku chache angekitumia: gharama yote, kugawanya kwa saa mtakazokuwa macho ndani ya mji wenyewe. Toa safari, toa kungoja viwanjani, toa usingizi. Kwa nauli na hoteli tulizoziona sisi, Istanbul ilitoka shilingi 250,000 kwa saa 92, yaani karibu 2,700 kwa saa. Lisbon ilikuwa 330,000 kwa saa 76, zaidi ya 4,300 kwa saa. Hamburg ilipita kikomo cha fedha ikatoka yenyewe. (Kwaheri, Chaos Computer Club. Nitaendelea na video.)

Kwa hesabu, mambo yalikwisha: Istanbul. Ndege ya Turkish Airlines inaunganisha Mombasa na Istanbul bila kupitia Nairobi, na Uturuki ina viza yake yenyewe, haimo katika Schengen. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa zito kuliko yote, ila halikuwa na safu kwenye jedwali langu.

Mwaka 2023 mke wangu alialikwa mafunzo ya walimu katika nchi moja ya Schengen. Mwaliko ulikuwa halali, shule ilimwandikia barua, mwenyeji aligharamia. Akanyimwa viza. Ukinyimwa hupewa fomu ya kawaida yenye orodha ya sababu, na pembeni ya mojawapo huwekwa alama. Yake ilikuwa ile inayosema kwamba kuna shaka kama mwombaji ana nia ya kuondoka kabla viza haijaisha. Nawaachia muifikirie fomu ile mkononi mwa mtu ambaye darasa lake la kidato cha tatu lilikuwa linamngoja Jumatatu. Aliikunja akaiweka katika bahasha ya vyeti vyake. Hakuizungumzia tena mpaka jedwali langu lilipofunguliwa.

"Istanbul hawataniuliza kama nitarudi Likoni," alisema.

Majirani na marafiki walikuwa na ushauri wao. Mmoja alituambia tuombe kwa nchi "rahisi", tukishapata tuteremke tunakotaka. Nilisoma kanuni za viza za Umoja wa Ulaya usiku mmoja mzima, na nawaambia wazi: ombi hupelekwa kwa nchi ambayo ndiyo hasa mnakwenda, au mtakakokaa siku nyingi zaidi. Isitoshe, ile hifadhidata niliyowaahidi ndiyo hii. Inaitwa VIS, ilianza kazi Oktoba 2011, na nchi zote za Schengen huisoma. Ombi lako, picha yako, alama zako za vidole na uamuzi uliotolewa hukaa humo hadi miaka 5. Kwa mhandisi ni mfumo wa kuvutia: mfumo mmoja mkuu, nchi nyingi zinazoandika na kusoma, na kidole chako ndicho ufunguo wa kutafutia. Kwa mke wangu maana yake ilikuwa moja. Hadi 2028, afisa yeyote wa nchi yoyote kati ya hizo akifungua faili yake ataiona ile alama.

Nilimweleza hivyo nikidhani namwongezea sababu ya kwenda Istanbul. Alinyamaza, akapika chai, akarudi.

"Kwa hiyo nikikaa kimya mpaka 2028 itafutika?"

"Katika mfumo, ndiyo."

"Basi twende Lisbon."

Sasa sababu ya Lisbon. Kila mwaka mwalimu huyu husimama mbele ya wanafunzi akawaeleza jinsi Vasco da Gama alivyofika Mombasa Aprili 1498 asipokewe vizuri, akaendelea Malindi. Jinsi Wareno walivyoanza kuijenga Fort Jesus 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano. Jinsi Waomani walivyoizingira tangu 1696 hadi ikaanguka 1698. Huwapeleka ngomeni wakagusa ukuta. Huwauliza neno gereza limetoka wapi, huwaambia kwa Kireno lilikuwa kanisa, kisha huwakumbusha kwamba Waingereza waliifanya ngome hiyo jela hadi 1958. Meza, leso, bendera, anayo orodha nzima. Lakini upande wa pili wa hadithi, mahali meli zilipong'oa nanga, anaujua kwa picha za vitabu tu. Da Gama mwenyewe, aliyekufa India 1524, kaburi lake liko Lisbon, ndani ya Jerónimos, jengo lililoanza kujengwa 1501. "Nataka nimwone amelala," ndivyo alivyosema, na sauti yake haikuwa ya mtalii.

Hapo swali likawa jingine kabisa: tukinyimwa, tutapoteza kiasi gani? Hili linahesabika vizuri zaidi kuliko uzuri wa mji. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, hairudishwi hata ukinyimwa. Sisi wawili, euro 180, kama shilingi 27,000 kwa kiwango cha siku ile. Ongeza malipo ya kituo kinachopokea maombi. Ongeza bima, ambayo lazima ifikie angalau euro 30,000 za matibabu. Ongeza treni ya SGR kwenda na kurudi Nairobi, daraja la kawaida 1,500 kila safari, yaani 6,000 kwa wawili, na chakula na kulala. Ilikuja karibu 45,000. Hoteli tulichagua inayoruhusu kufuta bila malipo, na tikiti za ndege tuliweka nafasi tu bila kuzilipia mpaka jibu litoke. Kwa hiyo hasara kubwa kabisa ilikuwa 45,000 na fomu ya pili katika bahasha. Ya kwanza tuliweza kuibeba. Ya pili nilimwuliza mara mbili kama yuko tayari, mara ya tatu akanikataza kuuliza. Wakikataa, tungekwenda Lamu kwa kilichobaki, na mamangu angefurahi.

Ombi tuliliandaa kama mtu anavyoandaa programu ya kukabidhi kwa mteja mgumu. Barua ya mwajiri ya kila mmoja, taarifa za benki, hati ya ndoa, ratiba ya siku kwa siku. Ule mwaliko wa 2023 na fomu ya kukataliwa tuliviambatisha wenyewe pamoja na maelezo ya nusu ukurasa aliyoyaandika yeye. Wapo waliotuambia tusiitaje. Mimi nasema, kitu ambacho msomaji anacho tayari kwenye skrini yake hakifichiki, afadhali akisome pamoja na maelezo yako. Alfajiri tulipita barabara ya Dongo Kundu hadi kituo cha Miritini bila kugusa feri, tukapanda treni. Alama zake za vidole za 2023 zingeweza kunakiliwa, maana hutumika tena kwa miezi 59. Zangu zilichukuliwa upya, na mashine ilikataa kidole gumba changu mara nne. Alicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Jibu lilitoka baada ya siku 12. Pasipoti zilikuja katika bahasha mbili zilizofungwa, nikampa zote afungue yeye. Alianza na yangu. Viza ipo. Akaishika ya kwake muda mrefu kidogo, akaifungua kutoka nyuma kama watu wanaosoma msahafu, karatasi baada ya karatasi, mpaka akaikuta.

Tikiti tumelipia. Ndege inapita Istanbul, tutakaa pale saa chache tukiuangalia kwa kioo mji uliotushinda kwa bei. Lisbon kuna msikiti mkuu tangu 1985, kuna vyakula vya Msumbiji na Goa, na kuna kitu kinaitwa chamuça ambacho hakuna mtu wa pwani atakayeshindwa kukitambua sahanini. Ratiba yote ni ya mwalimu: Jerónimos siku ya kwanza asubuhi. Mimi nimeomba kitu kimoja tu, ile feri ya kutoka Cais do Sodré kuvuka mto Tejo hadi Cacilhas, kama dakika 10. Anasema hawezi kuelewa mtu wa Likoni analipa nauli ya ndege kwenda kupanda feri. Nimemjibu kwamba wao walijenga daraja 1966 na bado wanaipanda, nataka kujua kwa nini. Amenipa jioni moja.