Kutoka Magomeni hadi Mweka: Deni la Mwisho na Mbio za Kwanza

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Moshi kwa basi huondoka Mbezi kabla jua halijachomoza. Huvuka Chalinze, Segera na Korogwe, akapita mashamba ya mkonge chini ya milima ya Usambara, kisha akafuatana na safu ya Upare hadi Same na Mwanga. Ni safari ya kutwa. Sisi, mume na mke, tuliifanya Ijumaa ya tarehe 21 Februari, mwaka 2025, tukiwa na vitu viwili ambavyo hatukuviachia njia nzima: mfuko wa viatu vya kukimbilia, na bahasha yenye shilingi 312,000. Viatu vilikuwa vya marathoni, mbio za kilomita 42 na mita 195, ambazo hakuna kati yetu aliyewahi kuzikimbia. Bahasha ilikuwa ya Mangi.

Wakazi wa Dar es Salaam wanajua Mangi ni nani. Kule Uchaggani neno hilo lilikuwa cheo cha mtawala. Mjini kwetu limekuwa jina la kila muuza duka atokaye Kilimanjaro. Mangi wetu alikuwa na duka mtaani Magomeni kwa miaka mingi. Alituuzia unga, mchele, sukari na mafuta ya taa, na tulipokosa fedha aliandika kwenye daftari lake bila maneno mengi. Mwaka uliotangulia afya yake ilidhoofika, akafunga duka na kurudi kwao, kijijini kando ya barabara iendayo Mweka. Aliondoka akitudai.

Hakuwa peke yake. Desemba 2023, usiku mmoja baada ya Isha, tulikaa chini na kuandika kila tulichodaiwa. Jumla ilikuwa shilingi 5,240,000. Tulianza kukopa kwa jambo la haki, matibabu ya mzazi, tukaendelea kwa jambo la fahari, seti ya makochi kabla ya Idi. Kisha tukakopa ili kulipa tulichokopa, na hapo ndipo tulipoingia katika ile mikopo ambayo watu wameipa jina lake la haki, kausha damu. Tulichukua 500,000 na kutakiwa kurejesha 22,000 kila siku kwa siku 30. Mwenye hesabu ndogo ataona kuwa ni 660,000. Tulijua kuwa ni riba. Tulijua na hukumu yake. Tulijiambia kuwa ni dharura, na neno dharura lilitufunika macho kwa miezi.

Watu huuliza tulianzaje kukimbia, nasi zamani tulikuwa tukijibu kuwa ni kwa ajili ya afya. Ukweli ni kwamba tulianza kwa kuwakimbia wadai. Wakusanyaji wa ile mikopo walikuja mapema asubuhi, kabla watu hawajatoka kwenda kazini. Basi tukiisha kuswali Alfajiri tulivaa raba na kutoka, tukizunguka mitaa hadi tuhakikishe kuwa wameondoka. Mchana tulipita vichochoro vya nyuma ili tusionekane na Mangi. Na jioni, Mangi alipomtuma mtu kubisha hodi, tulimwambia mtoto wetu wa miaka saba akaseme kuwa baba kasafiri.

Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akimwomba Allah amkinge na dhambi na deni ndani ya swala yake. Alipoulizwa kwa nini anajikinga mno na deni, alieleza kuwa mwenye deni akizungumza husema uongo, na akiahidi huvunja ahadi. Tulikuwa tumeisikia hadithi hiyo mara nyingi msikitini. Hatukuielewa mpaka siku tulipomsikia mtoto akiusema uongo wetu mlangoni kwa sauti nyembamba, kisha akarudi ndani akituangalia, kana kwamba anauliza kama ameusema vizuri.

Tangu usiku ule wa kuandika, mambo yalibadilika, ingawa polepole. Makochi yaliuzwa. Bodaboda za kila siku ziliachwa. Mmoja wetu aliamka saa tisa usiku kukaanga vitumbua vya kuuza, mwingine akaanza kurudi kutoka kazini Kariakoo kwa miguu. Hatukuchukua mkopo mpya hata mmoja. Kausha damu tulizimaliza kwanza, kwa kuwa hizo ndizo zilizokuwa zikikua kila siku, kisha jamaa, kisha chama cha akiba na mikopo cha kazini. Mangi alibaki mwisho. Tunalisema hili kwa aibu: aliyepiga kelele tulimlipa mapema, na aliyenyamaza tukamngojesha.

Wadai wa asubuhi walipokwisha kuja, tuligundua kuwa miguu bado inataka kutoka. Tuliendelea. Jumapili baada ya Alfajiri tulishuka Barabara ya Morogoro, tukavuka bonde la Jangwani, tukapita Posta hadi baharini, tukaifuata barabara ya ufukweni hadi Daraja la Tanzanite. Daraja hilo, lililofunguliwa mwaka 2022, lina urefu wa takriban kilomita moja juu ya maji, na alfajiri hujaa watu wa kila umri wanaotembea na kukimbia. Kutoka hapo tulifika Coco, tukarudi kwa njia ya Morocco na Kinondoni. Mwanzoni tulikimbia kilomita nane, kisha 12, kisha 16. Ilipofika Januari tulikuwa tumefikia 30. Viatu tulivinunua mitumba katika Soko la Karume. Hakuna aliyetudai kiingilio cha barabara.

Wapo waliotucheka, hasa mke mtu mzima kukimbia na mumewe. Hao tuliwakumbusha kuwa Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.), mara ya kwanza Bi Aisha alishinda, na miaka baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, Mtume alimshinda, akamtania kuwa ile imelipa ile. Nguo za stara hazimzuii mtu kukimbia. Zinamtaka tu aanze mapema kabla ya jua kali.

Mafunzo yalitufundisha kulipa deni, na deni likatufundisha kukimbia. Asiyekimbia wiki hii hawezi kukimbia za wiki mbili wiki ijayo, ataumia. Vivyo hivyo asiyeweka 10,000 leo hujidanganya kuwa kesho ataweka 20,000. Kila Jumapili tulirudi nyumbani, tukajaza kurasa mbili za daftari moja: ukurasa wa kilomita na ukurasa wa shilingi. Mwanzoni mwa Februari ukurasa wa pili ulibaki na jina moja tu. Tukajiandikisha katika mbio za Kilimanjaro, ambazo hufanyika Moshi karibu kila mwaka mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, tukiazimia kwamba hatutasimama kwenye mstari wa kuanzia kabla ya kumwona Mangi.

Tulifika Moshi alasiri. Ni mji msafi, wenye miti mingi, na jioni ile mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu kiasi kwamba mgeni angeweza kudhani haupo. Tulipata chumba mjini, tukaenda kuswali katika Msikiti wa Riadha. Jina hilo lilitufanya tutabasamu. Kwa Kiarabu cha misikiti, riadha hiyo ni bustani, kama ule Msikiti wa Riyadha wa Lamu. Kwa Kiswahili cha viwanjani, riadha ni mbio. Sisi tulikuwa tumekuja kwa yote mawili.

Jumamosi asubuhi tulipanda gari la abiria kwenda upande wa Mweka. Barabara hupanda bila kupumzika. Pande zote mbili kuna vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya Wachagga, ambamo mibuni hukua chini ya vivuli vya migomba, na mifereji iliyochimbwa na wahenga huleta maji kutoka msituni. Kahawa hiyo ndiyo iliyowaunganisha wakulima wa mlima huu hadi wakaunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Mmoja peke yake hakuweza kusimama mbele ya mnunuzi, pamoja waliweza. Tuliyawaza hayo tukikumbuka jinsi tulivyoficha madeni yetu hata kwa ndugu.

Mangi alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, amekonda, koti begani ingawa jua lilikuwa limewaka. "Shikamoo, mzee," tulisema kwa pamoja. Alituangalia kwa muda, kisha akacheka. "Marahaba. Magomeni imepanda mlima!" Mkewe alileta ndizi zilizoiva na kahawa. Aliongeza, bila kuulizwa, kuwa vyombo hivyo havitumiwi kwa pombe.

Tulipoitoa bahasha, Mangi hakuipokea. Alimtuma mjukuu ndani, naye akarudi na daftari lililochakaa, lile lile la dukani. Alifunua ukurasa wetu, akasoma: shilingi 338,500.

Tuliangaliana. Hesabu yetu ilikuwa 312,000, na tulikuwa tumeirudia mara nyingi. Allah (s.w.) ameamrisha deni liandikwe, nasi upande wetu hatukuliandika mpaka lilipotuzidi, hatukuwa na la kubisha. Lakini Mangi aligeuza daftari tujionee. Chini kabisa kulikuwa na mistari midogo: mkate, sukari robo, mkate, maziwa, mkate. Jumla 26,500.

"Hizi alichukua mtoto," alisema. "Kila nilipotuma mtu, aliambiwa baba kasafiri. Nikasema, kama baba kasafiri, nyumba ile leo haina kitu. Kesho yake mtoto akipita kwenda shule, namwita, nampa mkate apeleke kwa mama yake."

Tuliikumbuka mikate ile. Tuliila. Tuliambiwa na mtoto kuwa imetoka kwa Mangi, tukanyamaza na kuila.

"Mzee, baba hakuwa amesafiri," mmoja wetu alisema hatimaye.

"Nilijua," alijibu. "Mtoto wenu hajui kudanganya. Alikuwa akitazama chini. Lakini aliyetumwa kusema uongo naye anakula."

Hatukuwa na neno. Tuliongeza 26,500 kutoka katika fedha tulizoweka kwa chakula cha safari, tukamhesabia zote mkononi. Kisha tukamwomba radhi. Si kwa kuchelewa tu, bali kwa uongo. Kando ya ua kulikuwa na mmea wa majani marefu. Alituonyesha na kusema kuwa ni isale. Kwa desturi yao anayeomba msamaha huja na jani lake, na aliyekosewa hatakiwi kulikataa. "Ninyi mmekuja na miguu yenu, inatosha," alisema, akachukua kalamu na kuupiga ukurasa mstari kutoka juu hadi chini.

Wako wanaodhani kuwa deni la asiye Mwislamu ni jepesi. Mtume wetu (s.a.w.) alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Myahudi wa Madina kwa ajili ya shayiri ya kulisha nyumba yake. Aliandika heshima ya mdai kwa kuweka kitu chake mwenyewe. Haki ya mja haina dini. Mwenye nayo ndiye wa kuisamehe au kuidai.

Jumapili tuliswali Alfajiri, tukaenda Uwanja wa Ushirika katika giza. Baadhi ya wadhamini wa mbio hizi ni wa bidhaa tusizozitumia. Fulana zao tuliziacha, tukavaa zetu. Sehemu ya kwanza ya marathoni ni tambarare, kuelekea barabara ya Dar es Salaam na kurudi. Jua lilipochomoza mawingu yaliondoka, na Kibo ikajitokeza, mita 5,895, nyeupe kileleni. Wengine walisimama kupiga picha. Sisi hatukuthubutu kusimama.

Kisha njia hugeuka na kupanda kuelekea Mweka, na hapo ndipo miguu hudai kila ulichokikopa. Kufika kilomita ya 29 mmoja wetu alikuwa akitembea, mwingine akikimbia hatua chache na kungoja. Nani alimngojea nani, hatutasema. Tulimkumbuka John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyeumia goti katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akamaliza marathoni akichechemea zaidi ya saa moja baada ya mshindi.

Karibu na kihamba cha Mangi kulikuwa na watoto wenye beseni la maji na ndizi. Nyuma yao, juu ya kiti kilichotolewa hadi kando ya barabara, alikaa yeye na koti lake. Kwa miezi mingi tulikuwa tumepita nyuma ya mtu huyu kwa vichochoro. Sasa tulipita mbele yake, katikati ya barabara, mchana kweupe. Aliinua mkono. Nasi tukainua yetu. Tulimaliza baada ya saa tano na dakika 38, na Alhamdulillah, tulimaliza wawili.

Tulirudi Magomeni Jumatatu usiku, Ramadhani ikiwa imebaki chini ya wiki moja, miguu ikikataa hata ngazi moja. Tulikuwa tumelala juu ya mkeka, kwa kuwa makochi hayapo, mlango ulipogongwa. Alikuwa jirani tu, tulikuja kujua, aliyeleta bakuli letu. Lakini mtoto hakujua. Alisimama katikati ya chumba, akatugeukia, akangoja kuambiwa la kusema.

Tukamwambia afungue.